Kimya cha Kuku wa Busia

Boda boda si jina la jana. Lilizaliwa huku Busia na Malaba, waendesha baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuvushwa kwenda na kurudi mpaka wa Uganda. Leo pikipiki zimeshika nafasi, na abiria si wanadamu peke yao. Nilipokuwa Busia nilimwona kijana aliyewafunga kuku miguu, akawaning'iniza vichwa chini kwenye usukani, kushoto na kulia.

"Mbona wawatesa hivi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Hawateseki, mzee. Kwani wawasikia wakilia? Wametulia."

Nilikosa jibu, maana utotoni hata mimi nilitumwa sokoni nikarudi na kuku kichwa chini.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Kuku hana kiwambo kama chetu kinachotenga mapafu na tumbo. Akipinduliwa, matumbo humwelemea mapafu na pumzi humwia tabu. Mwaka 1996, wataalamu Kannan na Mench walipima damu za kuku: walioshikwa kichwa chini walikuwa na homoni ya dhiki nyingi kuliko walioshikwa wima.

Elimu hii ya tabia za wanyama yatufunza tusimsemee mnyama, bali tumwulize. Mwaka 1965, Kamati ya Brambell ya Uingereza ilishauri kuwa wavu mwembamba usiwe sakafu ya vizimba vya kuku, kwa kuwahurumia miguu. Mwaka 1973, Hughes na Black wakawapa kuku hiari ya sakafu, na kuku wakauchagua wavu ule ule! Ikiwa mwenye huruma alikosea kwa kutouliza, sembuse mwenye haraka?

Nasi tuliokaa chuoni twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyenoa kisu mbele ya mnyama, akamwuliza kama ataka kumwua mara mbili. Basi tukiishika adabu ya kisu tukasahau adabu ya safari, tumeshika nusu ya somo. Hata sheria ya Kenya, Sura ya 360, yakataza kumsafirisha mnyama kwa kumtesa bila ya haja. Na dawa yenyewe si ghali: ni tenga pana, lenye kupitisha hewa.

Nilinunua kuku mmoja, nikamfungua kamba, nikampakata. Alikaa kitambo, kisha akapiga kelele soko zima likageuka.

"Sasa wamsikia?" nikamwuliza kijana.