Kitendawili na Mazungumzo ya Darasani

Katika shule nyingi za Tanzania iko desturi ya mwalimu kulikata neno ili wanafunzi walimalizie. Husema, "Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa ju...," na darasa zima huitikia, "...a!" Kisha huuliza, "Tumeelewana?" na jibu huwa ni "Ndiyo" ya sauti moja. Apitaye nje ya dirisha hudhani kwamba mazungumzo yamepamba moto, kumbe hapana mazungumzo yo yote. Neno lililokwisha kutamkwa nusu hubashirika kwa urahisi, hata na mtoto asiyefahamu maana ya sentensi. Asiyeelewa huitikia sawasawa na aliyeelewa, na mwalimu hana njia ya kuwapambanua mpaka siku ya mtihani, wakati msaada umekwisha kuchelewa.

Si kwamba kuitikia pamoja hakuna faida. Katika kukariri hesabu za kuzidisha, au kuzoeza ulimi matamshi ya lugha ngeni, kunafaa sana. Ubaya ni kudhani kuwa huko ndiko kufikiri.

Mchezo wa kitendawili una kanuni zinazofaa kuangaliwa na walimu. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenziwe hujibu, "Tega!" ndipo atoe fumbo lake, kwa mfano, "Nyumba yangu haina mlango." Kwanza, wasikilizaji wametoa idhini, na kwa hiyo wamejiweka tayari. Pili, mtegaji analijua jibu, lakini hana haraka ya kulisema, hungoja. Tatu, mwenye kukosa hatolewi mchezoni, bali kosa lake huwapunguzia wenziwe njia za kupotea. Nne, wakishindwa kabisa hawapewi jibu bure: hapana budi wampe mji, ndipo afichue ya kuwa ni yai. Hata kushindwa kuna utaratibu wake.

Faida ya kungoja imethibitishwa na utafiti pia. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba walimu aliowachunguza walingoja kiasi cha sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali. Walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kujibu walipungua, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa wazito walianza kuchangia.

Walakini kitendawili kwa kawaida huwa na jibu moja, na swali jema la darasani mara nyingi lina zaidi. Kuuliza, "Majumba ya kale ya Kilwa yalijengwa kwa nini?" ni kutafuta neno "matumbawe." Kuuliza, "Kwa sababu gani wajenzi walichagua matumbawe?" ni kuwafungulia wanafunzi mlango wa kuzungumza juu ya bahari, biashara na ufundi.

Liko na jambo la lugha. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia sekondari na kuulizwa kwa Kiingereza, huenda analo wazo ila hana maneno. Kunyamaza kwake si ujinga. Akiruhusiwa kwanza kushauriana na jirani yake kwa lugha aijuayo, kisha alete jibu mbele ya wote, atakuwa na la kusema. Na mwalimu atajua ni nani aliyeelewa na ni nani angali akihitaji kusaidiwa.