Panya wa Berkeley na vidonge vya jirani yangu

Wiki jana jirani yangu alinijia na kichupa cha vidonge vya vitamini E. Ana miaka minne ya ndoa bila mtoto, na muuzaji amemhakikishia kuwa hiyo ndiyo vitamini ya uzazi. Mavyaake ndiye aliyempa pesa akanunue. Bwanake hakuambiwa ameze hata kimoja.

Muuzaji hakulizua jina hilo. Mwaka 1922, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, Herbert Evans na Katharine Bishop waliwalisha panya chakula kilichosafishwa sana: protini ya maziwa, wanga, mafuta, hamira na chumvichumvi. Panya walikua wakanawiri. Majike walishika mimba, lakini vijusi vilikufa na kuyeyuka mumo humo tumboni. Walipoongezewa majani ya letasi, na baadaye kiini cha ngano, wakazaa. Kilichokosekana kikaja kuitwa vitamini E. Jina lake jingine, tokoferoli, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuzaa.

Wengi huishia hapo, nami hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Madume nao waliumia, tena vibaya zaidi. Dume aliyenyimwa vitamini E kwa muda mrefu aliharibika korodani, na kumpa vitamini baadaye hakukumponya. Jike alipoteza mimba moja, lakini viungo vyake vilibaki vizima, akilishwa vizuri alizaa mimba iliyofuata. Kwa hivyo anayewatumia panya hawa kumbebesha mke peke yake vidonge amesoma nusu ya jaribio.

Na si vitamini E pekee. Wakikosa vitamini K, inayosaidia damu kuganda, panya dume huanza kuvuja damu kabla ya jike, kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike, humkinga jike. Chakula ni kilekile, miili haikitumii sawa. Hata hivyo maabara nyingi zilizoea kutumia madume tu, ati homoni za majike zitavuruga matokeo. Ni mwaka 2016 tu ambapo taasisi kuu ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, ilianza kuwataka watafiti inaowafadhili wazingatie jinsia ya wanyama wao.

Binadamu si panya, hilo nalijua. Kwetu upungufu wa vitamini E ni nadra, na ukitokea hudhuru zaidi mishipa ya fahamu. Karanga na mchicha vinayo. Ukiimeza kupita kiasi huizuia vitamini K kufanya kazi yake, kwa hivyo mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiiguse bila kumuuliza daktari.

Jirani nilimwambia aende hospitali na bwanake, wapimwe wote wawili, na waanze na kipimo cha mbegu za mume, maana ni chepesi kuliko vingi vya mke. Anasema bwanake atakubali. Mavyaa ndiye bado.