Kabla Hujalipia Tairi, Omba Picha ya Namba Nne

Leo siongelei namna ya kuposti wala kupanga bei. Naongelea kitu ambacho sisi tunaobebea mzigo kwenye gari ya familia hatukiangalii mpaka kitutie hasara: tairi.

Duka langu lipo Mbangala, na wateja wengi nawapata WhatsApp na Facebook. Nauza vitenge, viatu na vyombo vya plastiki. Mzigo nafuata Tunduma. Ukitoka huku unakula vumbi na kokoto, Mkwajuni, Galula, mpaka Mbalizi, hapo ndiyo unaikamata lami ya TANZAM kwenda Mlowo, Vwawa na mpakani. Gari sina. Natumia ya mzee, ndogo ya watu watano. Wiki nzima ni ya nyumbani, siku ya mzigo ni yangu.

Novemba 2023 tulikuwa tunarudi kutoka Tunduma. Kaka anaendesha, mama yupo mbele kwa sababu alikuwa na miadi ya kliniki Mbeya, mimi nyuma nimebanwa na marobota. Mzigo ule ulikuwa wa wateja 14 na wote walishalipa. Kwenye mteremko wa Senjele tukasikia paa! Tairi ya nyuma kushoto imepasuka. Gari ikayumba mpaka upande wa pili, na mbele yetu lori linapandisha. Kaka hakukanyaga breki kwa nguvu. Alishika usukani, akaachia mafuta, akairudisha taratibu mpaka pembeni. Dereva wa lori naye alituachia nafasi. Mama hakusema neno mpaka tulipofika Mbalizi.

Tairi ile niliinunua mimi, miezi mitano tu nyuma. Niliiona mtandaoni, mtumba, shilingi 55,000. Kwenye picha ilikuwa nyeusi inang'aa, mistari imesimama. Nikatuma hela siku hiyo hiyo nikijiona mjanja.

Fundi wa Mbalizi aliipindua, akaifuta vumbi kwa kidole, akaniuliza, "Mdogo wangu, ulisoma hapa?" Palikuwa na namba nne: 0811.

"Hiyo ni wiki ya 8, mwaka 2011," akasema. "Ina miaka 12 hii. Mistari umeiona, umri hukuuona."

Nilikaa chini pale kwenye benchi lake nikajisikia mjinga. Mimi nikinunua juisi ya kuuza lazima niangalie tarehe. Tairi inayombeba mama yangu sikuangalia.

Basi nawapa nilichojifunza, ili usilipie ada niliyolipa mimi.

1. UMRI KWANZA, BEI BAADAYE
Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT. Namba nne za mwisho ndiyo tarehe ya kutengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Matairi mengine ya Japani hayana neno DOT, lakini namba zipo. Tena mara nyingi zipo upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona geuza tairi. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Michelin wanashauri tairi ikifika miaka mitano ya matumizi ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifikisha miaka 10 tangu itengenezwe ibadilishwe hata kama inaonekana nzima.

2. SAIZI NA UZITO
Utakuta maandishi kama 175/65R14 82T. 175 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya huo upana. 14 ni saizi ya rimu kwa inchi. Wengi tunaishia hapo. Sisi wa mizigo tusome na hiyo 82: maana yake tairi moja inabeba mwisho kilo 475. T ni mwendo wa mwisho, kilomita 190 kwa saa. Usishuke chini ya namba iliyopangiwa gari yako. Na kumbuka hizo kilo zinahesabu gari lenyewe, watu na marobota, vyote pamoja.

3. CHUNGA TAIRI ZA THELUJI
Mitumba mingi inatoka Japani, na huko wana tairi za majira ya baridi. Ukiona neno STUDLESS, au jina kama Blizzak la Bridgestone, jua hiyo ni ya barafu. Mpira wake ni laini. Kwenye joto la bonde letu na kokoto inaisha haraka, na ukiminya breki haishiki kama tairi ya kawaida. Mistari yake huwa mingi na mizuri sana kwenye picha, ndiyo maana inatudanganya.

4. MISTARI NAYO ISOME
Ndani ya mistari kuna vinundu vidogo, ubavuni pameandikwa TWI kukuonyesha vilipo. Tairi ikilika mpaka ikalingana na kinundu, imebaki milimita 1.6 na kazi imeisha, usisubiri iwe kipara. Na ukikuta mfereji umechimbwa mpaka kinundu kimekatwa, hiyo imechongwa kwa kisu. Iache hapo hapo.

5. UKIPATA HELA YA MBILI TU
Nunua mbili zinazofanana, uzifunge nyuma. Najua wengi tunafunga mbele. Lakini mbele ikiteleza, ukipunguza mwendo gari inarudi. Nyuma ikiteleza, gari inageuka na wewe ndani.

6. UPEPO
Fungua mlango wa dereva, kuna karatasi imebandikwa kwenye nguzo. Hata kama ni ya Kijapani, saizi na namba zinasomeka. Upepo umeandikwa kwa kPa, na wajaza upepo wetu wanatumia PSI. Gawanya kwa 7 utakaribia: 220 kPa ni kama 32 PSI. Pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi, kabla ya safari. Tairi yenye upepo mdogo ikibebeshwa mzigo inajikunja, inapata joto, na joto ndilo linaloipasua.

Sasa tupige hesabu ya biashara. Mtumba wangu: 55,000 kwa miezi mitano, ni 11,000 kwa mwezi. Baada ya pale niliuza simu yangu ya pili, nikaongeza na akiba, nikanunua mpya mbili za nyuma, 140,000 kila moja. Zilipofikisha miezi 20 bado zilikuwa na mistari. Hapo ni 7,000 kwa mwezi na zinaendelea. Rahisi ni ipi? Na sijahesabu wateja wawili waliodai hela yao kwa kuchelewa, wala kliniki ya mama iliyosogezwa wiki mbili.

Sisemi mtumba wote ni mbaya. Kuna wakati mfuko hauruhusu, nakuelewa kabisa. Ila mtumba wa miaka mitatu na mtumba wa miaka 12 wanaweza kukupostia kwa bei moja. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji: "Boss, naomba picha ya namba nne za tarehe, na ubavu wote." Akikuzungusha, jibu umeshapata.

Na wewe unayeuza matairi mtandaoni, posti hiyo picha kabla hujaombwa. Andika mwaka wazi. Wapo watakaoondoka, lakini atakayenunua atarudi na atamleta shemeji yake. Yule aliyeniuzia mimi hakunidanganya kwa mdomo, maana sikumuuliza. Ila sijarudi kwake tena.

Leo jioni kabla hujafunga duka, washa tochi ya simu, inama kwenye gari ya nyumbani, soma tairi zote nne na spea. Mama hajui kusoma zile namba. Anakuamini wewe tu.