Kijana wako ana kipaji cha soka: acheze ngazi gani?

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi huyaleta katika ofisi ya msikiti wetu baada ya swala ya Ijumaa, limeongezeka moja ambalo wazee waliotutangulia katika kamati hawakulizoea. Zamani mzazi alikuja kuulizia nafasi ya madrasa, barua ya utambulisho au usuluhishi wa ndoa. Siku hizi huja na kijana wake, viatu vya mpira vikining'inia begani, akitaka ushauri. Kocha fulani anamtaka, wakala fulani amepiga simu, chuo fulani cha ng'ambo kimetajwa. Je, aende wapi?

Swali hili halifai kupuuzwa, wala halitoshelezwi kwa kukataza. Kuanzia Mbagala na Tandika hadi Mwananyamala, Tandale na Bunju, kila alasiri viwanja vyetu hujaa vijana, na baadhi yao wana kipaji cha kweli. Mpira leo ni kazi yenye mikataba, mishahara na kodi. Tatizo tunaloliona ni kwamba familia nyingi huuliza, "Klabu ipi ni kubwa?" Swali linalofaa kutangulia ni hili: katika ngazi ipi kijana huyu atacheza kila wiki, ataendelea na masomo, na dini yake itasalimika? Jina kubwa lisilompa nafasi uwanjani humpotezea miaka ambayo hairudi.

Ngazi zilizopo nyumbani

Kwa mwanafunzi, ngazi ya kwanza ni shule. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari humpa mtoto nafasi ya kuonekana kuanzia wilaya hadi taifa bila kuacha darasa. Sambamba na hayo vipo vituo vya kulea vipaji na timu za vijana za klabu. Wakazi wa Temeke wanaufahamu uwanja wa Azam pale Chamazi, ambako vijana hulelewa kabla ya kufikiria timu ya wakubwa. Huko ndiko alikopita Novatus Dismas, ambaye baadaye alicheza Ubelgiji, Ukraine na Uturuki.

Kwa wakubwa, ngazi huanzia ligi za wilaya na mkoa, hupita Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, kisha Championship, na kileleni ipo Ligi Kuu. Kijana wa miaka 18 anayecheza mechi zote za timu ya Championship anajifunza zaidi kuliko mwenzake aliyesajiliwa Ligi Kuu akashinda msimu mzima jukwaani akiwatazama wengine. Jambo hili ni gumu kumweleza mzazi ambaye majirani wameshampongeza kwa jina la klabu, lakini ndiyo hali halisi.

Mfano kutoka Mbagala

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, hakuruka kutoka kiwanja cha mtaa hadi Ulaya. Alianzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon. Mwaka 2010 akaenda Simba, na mwaka uliofuata akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao Kiswahili kinazungumzwa, baada ya timu hizo mbili kukutana katika Ligi ya Mabingwa Afrika.

Alikaa Lubumbashi takriban miaka mitano. Wengi walidhani amechelewa. Lakini ni huko alikocheza kila wiki, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alipokwenda Genk ya Ubelgiji mwezi huohuo, alikuwa na umri wa miaka 23 na mechi nyingi kubwa nyuma yake. Mwaka 2019 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, naye akatunukiwa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi hiyo.

Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na mwezi Machi akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki. Baadaye akacheza Antwerp, akarejea Genk, kisha akaenda PAOK ya Ugiriki na kutwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2024. Ikiwa nahodha wa taifa alihama ngazi mara kadhaa kutafuta mahali pa kucheza, kwa nini sisi tuone aibu kijana wetu anaposhuka daraja moja ili apate mechi?

Ndugu yetu Mohamed Salah wa Misri alipita njia kama hiyo. Alitoka Basel ya Uswisi akaenda Chelsea Januari 2014, nafasi ikawa finyu. Mwaka 2015 akaenda kwa mkopo Fiorentina, kisha Roma, na mwaka 2017 Liverpool, ambako dunia ilimjua. Kuondoka Chelsea hakukumshusha hadhi.

Njia ya chuo

Wapo wazazi wanaotamani mpira uwe daraja la kufikia elimu ya juu, nayo ni nia njema. Hapa nchini, chuo kikuu humpokea kijana kwa matokeo ya mitihani yake, kwa hiyo mwenye ndoto hiyo asithubutu kuacha Kidato cha Nne au cha Sita kwa ajili ya mazoezi.

Marekani utaratibu ni tofauti. Huko vyuo vina timu zenye makocha wanaosaka wachezaji, nazo zimepangwa kwa ngazi. Chama kikubwa, NCAA, kina madaraja matatu. Kando yake kipo NAIA chenye vyuo vingi vidogo, na NJCAA cha vyuo vya miaka miwili. Mzazi ajue mambo mawili. Kwanza, daraja la tatu la NCAA halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Msaada wake hutokana na taaluma au uhitaji wa familia. Pili, hata daraja la kwanza mara nyingi hutoa sehemu tu ya gharama. Kwa miaka mingi timu nzima ya soka ya wanaume iliruhusiwa ufadhili usiozidi nafasi 9.9, zikigawanywa kwa wachezaji wengi. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2025, lakini swali la kuuliza ni lilelile: ufadhili huu unalipa nini, unaacha nini, na unahuishwa kwa masharti gani kila mwaka? Tena, kijana aliyekwisha kusaini mkataba wa kulipwa anaweza kukosa sifa ya kucheza chuoni. Mwenye nia ya chuo aulize kabla ya kusaini popote. Masharti ya viza nayo hubadilika, kwa hiyo ubalozi uulizwe kabla ya kulipa chochote.

Dar es Salaam imetoa mfano katika njia hii, ingawa ni wa mpira wa kikapu. Hasheem Thabeet alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote waliokuwa wakiingia NBA. Mwaka uliofuata timu yake ilimpeleka kwa muda ligi ya chini ya maendeleo ili apate dakika za kucheza. Aliyechaguliwa wa pili bado alihitaji ngazi ya kujengea mchezo wake.

Kwa upande wa soka yupo Kelvin John, aliyeichezea Serengeti Boys katika fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 2019. Alikwenda kusoma Brooke House College, Uingereza, shule inayochanganya masomo na mafunzo ya soka. Alijiunga na Genk mwaka 2021, alipotimiza miaka 18.

Tahadhari kwa walio chini ya miaka 18

Umri huo wa miaka 18 una maana yake. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Kijana wa umri huo pia haruhusiwi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Wakala lazima awe na leseni, na hawezi kumkabili mtoto bila idhini ya maandishi ya mlezi wake.

Mzazi mmoja wa mtaani kwetu aliombwa shilingi milioni tatu ili mwanawe wa miaka 15 akafanyiwe majaribio katika klabu ya Ulaya. Mama alikuwa tayari kutoa fedha za kikoba, nazo ndizo zilizokuwa ada ya dada yake kijana. Walipotuletea karatasi, tuliomba vitu vitatu: barua ya mwaliko kutoka klabu yenyewe, namba ya leseni ya wakala, na maelezo ya namna kanuni ya umri itakavyotimizwa. Wakala hakuleta hata kimoja, na baadaye simu yake haikupatikana. Alhamdulillah, fedha zilibaki. Kijana yupo Kidato cha Tatu, anacheza timu ya vijana hapahapa, na dada yake hakukosa muhula.

Kuandikiana na kulinda dini

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mwenye kuizingatia hatasaini mkataba asiousoma, wala hatakubali ahadi ya mdomo kuhusu posho, malazi na ada. Mkataba usomwe na mwanasheria au mtu anayejua, na nakala ibaki nyumbani.

Katika mkataba huo dini ina nafasi yake. Mzazi aulize mapema: mazoezi ya Ijumaa huanza saa ngapi? Chakula cha bweni ni halali? Ramadhani hupangwaje? Kuuliza si usumbufu. Aprili 2021, mechi ya Leicester City na Crystal Palace ilisimama kwa muda mfupi ili wachezaji Waislamu wafuturu. Suala la jezi zenye matangazo ya kamari ni zito zaidi, kwa kuwa klabu nyingi hutegemea fedha hizo. Familia imfikishie shekhe jambo hilo kabla ya kalamu kushikwa, si baada ya picha ya usajili kusambaa.

Namna ya kupima

Mpeni kijana kocha asiye na maslahi katika usajili wake amtazame mechi nzima, zaidi ya mara moja. Angalieni kikosi anachoitiwa: wangapi wanacheza nafasi yake, wana umri gani, na kocha huyo amewahi kumwona akicheza au amesikia tu? Akiwa miongoni mwa watatu bora wa timu yake kila wiki kwa msimu mzima, ni wakati wa kupanda. Akimaliza msimu bila kucheza, ni wakati wa kutafuta ngazi ya chini yake, na mzazi awe wa kwanza kumwambia kwamba hakuna fedheha.

Kisha familia ishauriane, kijana mwenyewe akiwemo, na iswaliwe istikhara. Kutawakali huja baada ya kuchukua sababu. Ofisi za misikiti yetu ziko wazi kwa wazazi wanaotaka karatasi zao zisomwe kabla ya kulipa, na kamati zenye mwanasheria au mwalimu wa michezo miongoni mwa waumini ziwatumie. Watoto hawa ni amana, nasi tutaulizwa juu yao.

Wallahu a'lam.