Kabla ya Kukarabati Nyumba Mji wa Kale

Je, unataka kuongeza ghorofa, kubadili paa au kugeuza chumba cha chini kiwe duka? Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1990. Pata kibali kabla fundi hajaanza kazi.

Ombi na michoro ya mtaalamu aliyesajiliwa huwasilishwa kwa idara ya mipango ya kaunti. Pitia kwanza afisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, chini ya Makavazi ya Kitaifa, upate ushauri kuhusu milango, roshani na kuta. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kujenga bila kibali huweza kukuletea faini ya hadi Sh500,000, kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta: lipu hubanduka, ncha za boriti huoza, na dari huweza kuangukia watu. Chokaa huuacha ukuta ukauke.

Mpangaji, ukiona ufa unaopanuka au boriti inayolegea, hamisha watoto chumba hicho, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, ubaki na nakala. Akipuuza, ripoti kwa kaunti.

Kumbuka: kibali cha ujenzi si leseni ya biashara. Atakayefungua mkahawa atahitaji pia leseni hiyo, na wapishi wake wapimwe afya kila miezi 6.