Mtalii hapewi jembe: siku za viza na kazi ya machimbo

KISANGANI. – Wachimbaji wa Bafwasende na wa Banalia wanaoshuka mjini wanatuletea ulizo moja mara mingi: mgeni aliyeingia na viza ya utalii anaruhusiwa kukaa siku ngapi? Wengine wanafikiri hiyo ni kazi ya watu wa uwanja wa ndege wa Bangboka tu. Sisi wa sendika ya wafanyakazi wa madini tunasema hapana. Siku za viza zinagusa mshahara wako, na zinagusa mguu wako pia siku udongo unapoanguka.

Siku ngapi kabisa?

Tuanze na jibu lenyewe. Ambasadi za Kongo zinatoa viza za mwezi 1, za miezi 2 na za miezi 3. Ingine ni ya kuingia mara moja tu, ingine ni ya kuingia na kutoka mara mingi. Kuko pia fupi kuliko hizo. Viza iliyopatikana kupitia Hifadhi ya Virunga, kwa watu waliokuja kuona gorila na volkano ya Nyiragongo, ilikuwa ya siku 14. Na ile inayoitwa visa volant, inayotolewa mpakani kwa mgeni ambaye kwao hakuna ambasadi yetu, ni ya siku 7.

Kinachohesabiwa ni kile kilichoandikwa ndani ya pasipoti, pamoja na muhuri wa kuingia wa Direction Générale de Migration, ndiyo DGM. Mdomo wa mtu hauhesabiwi. Anayetaka kuongeza siku, sherti aende DGM mbele siku zake hazijaisha.

Na majirani? Tangu 2022 Kongo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kanuni za Soko la Pamoja zinasema raia wa nchi memba anapewa kibali cha kutembelea nchi ingine mpaka miezi 6, bila kulipa. Lakini hicho kibali ni cha kutembea. Akitaka kazi, sherti atafute kibali cha kazi. Kenya, Uganda na Rwanda wana viza yao moja ya watalii tangu 2014, ya siku 90 kwa dola 100. Kongo hatumo ndani. Mzungu aliyefika Kampala na viza hiyo, akipenda kuona maporomoko ya Wagenia, atalipa ya kwetu mbali.

Siku ni moja, kazi ni ingine

Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno zuri nyumbani. Kwa mtalii, sheria inakataa: hata siku ya themanini, hapewi jembe.

Mtalii anaangalia wavuvi wa Wagenia na mitego yao mikubwa, anakula samaki, anapiga picha, anarudi kwao. Mtu anayelala juu ya draga ndani ya mto Aruwimi, anayeagiza vijana na kupima dhahabu kila magharibi, huyo si mtalii, hata kama viza yake ingali na siku makumi mbili. Mgeni anayekuja kufanya kazi anahitaji viza ya etablisma ya kazi na carte de travail ya wageni. Na kwa uchimbaji wa mikono, Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018, iko wazi: ni mtu mzima Mkongomani tu, mwenye carte ya mchimbaji.

Kwa nini inatuuma? Patron wa viza ya utalii hawezi kwenda kuandikisha watu wake, kwa sababu yeye mwenyewe hajaandikishwa. Hakuna kontra, hakuna CNSS, Inspection du travail haimjui. Tumepokea vijana waliomaliza miezi wakichota mchanga. Siku ya kulipwa, patron alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Utamshitaki nani? Draga?

Leta ikiamua, inaweza. Januari 2025 mahakama ya Bukavu iliwahukumu Wachina watatu miaka 7 gerezani, baada ya kukamatwa na vipande 12 vya dhahabu na dola 800.000 taslimu. Kosa lao lilikuwa biashara ya madini bila haki, si siku za viza. Lakini tunauliza: kwa nini kungoja mpaka dhahabu imo ndani ya gari, wakati pasipoti inaweza kusomwa tangu siku ya kwanza?

Fanyeni hivi

Wandugu, mbele ya kuanza kazi kwa mgeni, ulizeni kampuni yake inaitwa nani, na kama iko na kontra ya kuandika. Akikataa, mjue.

Kama mumekwisha kuanza, mujue hivi: Code du travail inasema kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka aonyeshe kinyume. Na mfanyakazi anaweza kuhakikisha kazi yake kwa kila njia. Basi chungeni kila kitu: karatasi ya malipo, ujumbe wa simu, majina ya wenzenu, tarehe.

Musinyang'anye mtu pasipoti, musimpige. Hiyo si kazi yetu, na itawapeleka ninyi gerezani. Pelekeni habari kwa Inspection du travail, kwa DGM na kwa sendika, mukiwa wengi.

Hatuchukii wageni. Kisangani ni muji wa mto, na mto ulileta watu tangu zamani. Anayekuja kutazama, karibu, siku zake azimalize vizuri. Anayekuja kuchukua jembe, aingie kwa mlango wa kazi, pamoja na jina lake, ili siku ya kulipa tujue fasi ya kumpata.