Kutafuta kazi kusikuletee maradhi

MAKALA haya ni yako wewe mwanafunzi wa biashara uliyeko Chuo Kikuu cha Embu, kile cha Meru pale Nchiru, au KeMU. Mzazi wako naye ayasome, maana aghalabu yeye ndiye hukuleta kwa daktari.

Kila inapokaribia Mei, vijana hufika kliniki na malalamiko yanayofanana. Tumbo linawaka. Usingizi hauji. Moyo unakwenda mbio. Nikiuliza habari za masomo, jibu huwa moja: "Daktari, bado sijapata atachimenti." Aliyehitimu naye analilia kazi yenyewe.

Hofu hiyo si uvivu. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid-19, uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3. Huku kwetu pigo lilikuwa maradufu: Somalia ilifunga soko la miraa Machi 2020 na haikulifungua hadi Julai 2022, nayo Uingereza ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku tangu 2014. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ikaikataza muguka, hata mahakama ikaingilia kati. Mkulima wa Maua au Siakago akikosa soko, duka la mjini hukosa mteja, na mwenye duka haoni haja ya karani mwanafunzi.

Turudi kwenye tumbo. Wengi hudai wana vidonda vya tumbo kwa sababu ya mawazo. Mawazo huzidisha maumivu, lakini vidonda vyenyewe husababishwa hasa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Kijana hakulala, kichwa kikauma, akameza vidonge kila siku bila chakula. Wiki chache baadaye tumbo linawaka. Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au kwa pumzi, na hutibiwa kwa dawa mseto kwa muda wa wiki mbili hivi. Usikae mwezi mzima ukijitibu kwa maziwa. Ukitapika damu, au ukienda haja nyeusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa jambo ambalo watu wa Meru na Embu hawapendi daktari aliguse. Miraa na muguka zina kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini. Hufukuza usingizi na njaa, huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha. Mwanafunzi hutafuna usiku kucha akiandika barua za kuomba kazi, kisha huamka saa tano, na ofisi imefunguliwa tangu saa mbili. Kemikali ikimwisha mwilini moyo huzama, naye hudhani ni dunia imemkataa. Sisemi mashamba yang'olewe, kwani karo ya wengi imetoka humo. Nasema ukiwa unatafuta kazi, lala saa saba au nane, kunywa chai na kitu cha kutafuna kisicho majani, kisha utoke asubuhi.

Utoke uende wapi? Utauliza daktari anajuaje habari za maofisi. Wahasibu nao huugua, na wakiwa kwangu huzungumza.

Ofisi humkumbuka mwanafunzi inapoelemewa na kazi. Viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA, kama Rukuriri na Mungania huko Embu, au Imenti, Githongo na Michimikuru upande wa Meru, hufunga hesabu za mwaka Juni 30, na wakulima husubiri bonasi Oktoba. Sacco hufunga vitabu Desemba 31, halafu huja shughuli za ukaguzi na mkutano mkuu. Kwa hivyo anayetaka nafasi ya Mei hadi Agosti apeleke barua ya chuo Februari, kwa mkono wake, na aulize jina la anayeipokea. Wengi hung'ang'ania benki za Nairobi na kupita mlango wa Sacco kila siku bila kubisha. Aliyehitimu aangalie pia matangazo ya Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo huwa na nafasi za uanagenzi za miezi 12.

Usimlipe mtu pesa akuahidi kazi. Jua pia kwamba sheria ya ajira iliyorekebishwa mwaka wa 2022 hairuhusu mwajiri kukudai vyeti vya uidhinisho kabla hajaamua kukuajiri. Kijana anayeuza simu yake kununua vyeti ambavyo hajaulizwa hupoteza simu na usingizi.

Nenda na mwenzako mnapozunguka na barua. Kukataliwa mara kumi ukiwa peke yako kunaumiza kuliko mkicheka wawili kwenye kibanda cha chai.

Mzazi, usimwulize kila jioni kama amepata. Mtazame. Akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, hali vizuri, haogi, hataki marafiki, hiyo huenda ni sonona, nayo ina tiba. Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au uende hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Na akitamka kwamba ni heri asingekuwepo, usimkemee wala usimwache peke yake hata usiku mmoja. Ondoa dawa za mifugo na za kunyunyizia kahawa hapo nyumbani, umpeleke hospitali mara moja.